Pikipiki iliyolala tangu msiba wa Bibi

Gurudumu la mbele lilikataa kuzunguka. Nimeshika usukani kwa mikono miwili, nimeegemeza nyonga kwenye siti, nasukuma, na pikipiki imeganda palepale kama imepigiliwa misumari sakafuni. Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Machi, saa tatu asubuhi, nyuzi 2 za joto, pumzi inanitoka kama moshi wa kuni mbichi. Nikaacha kusukuma. Nikachuchumaa, nikawasha tochi ya simu na kumulika diski ya breki. Ilikuwa nyekundu kwa kutu duara zima, isipokuwa pale pedi zilipoibana. Pale palikuwa peusi.

Nilijua kosa liko wapi. Pikipiki hii ni Suzuki GS500E ya mwaka 1996, silinda mbili, inapozwa kwa upepo, nami ninayo mwaka wa sita sasa. Kila mwisho wa Oktoba huwa naiandaa kwa baridi kama mtu anavyomwandaa mtoto kulala: naiosha, namwaga oili chafu, najaza tangi mpaka mdomoni ili kutu isipate nafasi, natoa petroli iliyobaki kwenye kabureta, nafungua betri na kuibeba nyumbani, kisha naifunika shuka. Mwaka jana sikufanya hata kimoja. Juma la mwisho la Oktoba dada yangu aliniamsha usiku kwa simu: Bibi amefariki. Asubuhi niliendesha hadi gereji kwenye mvua, nikaiingiza pikipiki ikiwa bado inachuruzika maji, nikavuta mlango na kukimbilia treni ya uwanja wa ndege. Nilirudi Desemba, theluji imejaa, na sikuwa na moyo wa kwenda gereji. Wiki zikawa miezi. Ikalala na maji yake.

Kwa msomaji wa Morogoro au Kakamega, kulaza pikipiki miezi mitano ni jambo geni. Boxer ya boda inazimwa saa tano usiku na saa kumi alfajiri iko barabarani tena. Mjomba wangu, kaka wa mama, ana gereji ya pikipiki karibu na stendi ya Msamvu, na pale ndipo nilipoanza kushika spana nikiwa darasa la tano. Magonjwa niliyoyajua mimi ni ya kazi: cheni iliyochakaa mpaka meno ya sproketi yamechongoka kama ya papa, klachi iliyoungua kwa kubeba abiria wawili na gunia la mkaa, beringi zilizokufa kwa mashimo, oili iliyogeuka lami kwa kusahauliwa wiki ya tatu. Magonjwa ya usingizi nimeyakuta huku. Petroli inakauka na kuwa gundi. Betri inajila yenyewe. Mpira unakakamaa, na maji yanaingia mahali ambapo hukuyaachia mlango. Ndugu zetu wengi wanaohamia nchi za baridi na kununua pikipiki ya kwanza wanadhani ikisimama imepumzika, kwa hiyo Aprili ikifika wanavuta shuka, wanaingiza ufunguo na kupiga stata. Ndiyo maana naandika haya kwa urefu. Stata ni kitu cha mwisho kabisa.

Naishi Chemnitz, mashariki mwa Ujerumani, chini ya milima ya Erzgebirge. Kuanzia 1953 hadi 1990 mji huu uliitwa Karl-Marx-Stadt, na enzi hizo wakazi walijijengea gereji kwa mikono yao, safu kwa safu, kwenye viwanja vya pembezoni. Ziko maelfu hadi leo. Mwaka 2025, Chemnitz ilipokuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, gereji hizi zilipata mradi wao mzima, #3000Garagen, na watu wakafungua milango wageni waone kilichomo. Yangu ni ya kupanga, haina umeme, na mlango wake wa mbao hukwama mvua ikinyesha. Jirani yangu ni mzee aliyevuka miaka themanini, mwenye MZ ETZ 250 aliyoinunua ikiwa mpya. MZ zilitengenezwa Zschopau, mji mdogo ulio karibu tu na hapa, kwenye kiwanda kilichoanzishwa na Mdenmark Jørgen Skafte Rasmussen kwa jina la DKW. Mwishoni mwa miaka ya 1920 hakukuwa na mtengenezaji wa pikipiki mkubwa kuliko DKW duniani kote. Ukikwama kwenye safu yetu ya gereji, umekwama mahali ambapo watu wanajua chuma.

Namba ya pikipiki yangu ina tarakimu zilizopangwa juu na chini upande wa kulia: 04 na 10. Maana yake naruhusiwa barabarani kuanzia 1 Aprili hadi 31 Oktoba. Nje ya hapo hata kuiegesha mtaani ni kosa. Namba hizi za msimu zilianza kutumika Ujerumani mwaka 1997, na kwa mtu wa kipato changu zinasaidia, kwani kodi inalipwa kwa miezi ile tu. Mwaka huu ukaguzi wangu wa kila miaka miwili unaangukia Aprili. Nilikuwa na wiki mbili na nusu.

Nilianza na breki. Hata kama zisingenizuia mlangoni ningeanza nazo, maana injini isipowaka utabaki nyumbani, lakini breki zisiposhika hutarudi nyumbani. Nikafungua boliti mbili za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, nikaitikisa taratibu kulia na kushoto mpaka pedi zikaachia diski kwa mlio mkavu kama wa kubandua chapati iliyoshika kwenye chuma. Kutu ya juu juu ya diski si tatizo, huondoka yenyewe ukifunga breki mara chache. Hofu yangu ilikuwa pistoni za kalipa, zile zinazosukuma pedi. Nikaweka kipande cha mbao ndani ya kalipa ili zisitoke zote, nikaminya mkono wa breki polepole, moja ikatoka na ya pili ikagoma. Kwenye ukingo wake kulikuwa na pete ya vumbi la pedi na chumvi iliyoganda kama ukoko wa wali. Huku, barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke, na ule unyevu wa chumvi ukiingia kwenye chuma hautoki kwa kuupuuza. Nilikaa na pistoni ile moja karibu saa nzima, mswaki wa zamani, dawa ya kusafishia breki, naipangusa, naisukuma ndani, naitoa, naipangusa tena, mpaka ikaanza kuteleza kwa kidole gumba.

Halafu mafuta ya breki. Yalikuwa na rangi ya chai iliyokolea, na yanatakiwa yawe na njano hafifu tu. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani hata yakiwa yamefungwa. DOT 4, aina ninayotumia, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanywa maji asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu wa milimani breki zinafika huko, mafuta yanachemka, mapovu yanajaa kwenye bomba, na mkono wa breki unalala hadi kwenye usukani bila kushika kitu. Kwa hiyo kila miaka miwili nayabadilisha yote. Mzee wa ETZ alikuja kunisaidia. Yeye alikaa kwenye siti, mimi chini na mpira mweupe na chupa. Minya. Shikilia. Nafungua, nafunga. Achia. Tulirudia hivyo mara thelathini au zaidi, bila neno lingine, mpaka mapovu yakaisha na kilichokuja kikawa safi. Kama hujawahi kufanya kazi hii, tafuta mtu aliyewahi akae nawe. Tena weka kitambaa juu ya tangi: tone moja la mafuta ya breki linababua rangi.

Nilipoinua tangi kufika kwenye chujio la hewa, nilikuta panya wameshanitangulia. Ndani ya boksi la chujio kulikuwa na kiota cha mviringo, kimefumwa kwa ustadi ambao sikuweza kuukataa: pamba ya ndani ya glavu zangu nilizozisahau kwenye siti, nyuzi za shuka, vipande vya karatasi ya chujio lenyewe, na maganda ya mbegu za alizeti. Mbegu zile mzee huwawekea ndege kila asubuhi mbele ya gereji. Wenyewe walikuwa wameshahama. Nikakitoa kiota kizima kwa mikono miwili na kukiweka nyuma ya gereji, chini ya kichaka. Kama ningeanza na stata, vumbi lote lile, mkojo na pamba, lingevutwa moja kwa moja kwenye kabureta na mitungi. Mzee alinionyesha anavyofanya yeye: vuli ikifika anaziba mdomo wa kuvutia hewa kwa tambara, na kwenye tambara amefunga utepe mwekundu unaoning'inia hadi kwenye usukani, ili majira ya kuchipua asiweze kushika usukani bila kuuona. Nimeshanunua utepe wangu.

Betri ilikuwa imekufa. Mita ilisoma volti 10.9. Betri ya risasi na asidi iliyojaa vizuri, ukiiacha itulie, inasoma kati ya 12.6 na 12.8, ikishuka hadi 12 unaanza kuipoteza, kwa sababu bamba za ndani zinashika fuwele ngumu ambazo chaja haiwezi tena kuziyeyusha. Baridi inaongeza balaa. Betri iliyojaa haigandi kwa baridi ya kawaida ya huku, lakini iliyoishiwa chaji, asidi yake imebaki karibu na maji matupu, na inaweza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, ikavimba na kupasua bamba. Yangu ilikuwa na tumbo upande mmoja. Niliibeba nyumbani nikaichaji usiku kucha kwa matumaini, asubuhi ikasoma 12.3, nikaifungia taa ya mbele na ndani ya dakika moja ikaanguka hadi 8. Nikaipeleka dukani, nikanunua nyingine. Kazi ya dakika tano mwezi Oktoba, spana namba 10 na mfuko wa kubebea, ingeniokolea fedha hizo.

Sasa kabureta. Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo pikipiki nyingi za zamani zinapokwama baada ya baridi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu.

GS500 ina kabureta mbili zilizoungana, moja kwa kila silinda. Chini ya kila moja kuna kikombe kinachobaki na petroli kidogo, na boya linalofungua na kufunga njia ya mafuta, kama boya la tangi la choo. Petroli hiyo kidogo ikikaa miezi mitano, sehemu nyepesi inapaa na nzito inabaki. Ya siku hizi huku inachanganywa pia na ethanoli, hadi asilimia 5 au 10 kutegemea pampu uliyochagua, na ethanoli inapenda maji. Nilipofungua kikombe cha kwanza nilipigwa na harufu ya vanishi ya fundi seremala. Chini kulikuwa na ute wa kijani na kahawia. Skrubu zenyewe zinataka heshima: nyota yake ni ya kiwango cha Kijapani, inafanana na nyota ya kawaida lakini si sawa, na bisibisi ya kawaida inapanda juu na kuitafuna. Niliinunua ya kwake makusudi baada ya kuharibu skrubu mbili mwaka wa kwanza.

Ndani kuna jeti, vipande vya shaba vyenye tundu la kupitisha petroli kwa kipimo. Jeti kubwa ilikuwa safi. Tatizo ni ile ndogo, inayolisha injini ikiwa inanguruma polepole bila wewe kuzungusha mkono wa mafuta. Ni kipande cha shaba kirefu kama punje mbili za mchele, na tundu lake ni takriban milimita 0.4. Ukiielekeza mbinguni ukachungulia unatakiwa uone nukta ya mwanga, ndogo lakini kali. Ya silinda ya kulia niliiona. Ya kushoto nilichungulia, nikaipangusa, nikachungulia tena, giza.

Nilizilowesha zote kwenye dawa usiku mzima. Asubuhi, kushoto bado giza. Na hapo nikafungua droo ya zana, nikatoa boksi la kiberiti ambalo nimesafiri nalo kutoka Morogoro.

Siku ya tatu baada ya maziko, watu wamepungua, mjomba aliniita ndani. Bibi alikuwa mama yake mzazi. Presha ya macho imemla mjomba mwaka hadi mwaka, na sasa anaona kivuli na mwanga tu, lakini hadi siku ile ya msiba alikuwa akishinda gereji, anafanya kazi kwa vidole na masikio, vijana wake wakimpa spana anayoitaja. Ncha ya kidole chake cha shahada haipo, cheni iliondoka nayo kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa ameketi kitandani, akapapasa chini ya mto, akanipa boksi la kiberiti. Ndani kulikuwa na mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba kabisa, wa wavuvi wa bwawa la Mindu, umeviringishwa kwenye njiti.

"Bado unazibua jeti kwa waya?" aliniuliza.

"Mara nyingine, Mjomba."

"Acha. Waya unakula shaba. Tundu likishapanuka, pikipiki itakunywa mafuta mpaka ukome, na hutajua kwa nini. Mshipi hauna meno."

Sikujua kwa nini ananipa siku ile, katikati ya msiba. Nilishukuru, nikaweka mfukoni. Baadaye dada aliniambia kwamba mjomba hakurudi gereji baada ya arobaini. Vijana wanaendesha kazi, yeye yuko nyumbani, redio imezimwa.

Nikakata kipande cha urefu wa kiganja, nikakichonga ncha kwa wembe kwa mshazari. Mshipi ule ni wa milimita 0.3 hivi, unaingia bila kulazimisha. Ulipofika katikati ukagoma. Sikusukuma. Niliuzungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano gizani, nikaongeza tone la dawa, nikasubiri, nikazungusha tena. Baada ya muda nilihisi kitu kinaachia, kidogo sana, mfano wa ganda la kitunguu likipasuka chini ya ukucha. Mshipi ukatoka upande wa pili na kitone cha kijani. Nikapuliza, nikainyanyua jeti kuelekea dirishani. Nukta ya mwanga ilikuwepo.

Petroli ya zamani kwenye tangi niliimwaga yote na kuipeleka kituo cha kupokea taka za sumu. Nilipomulika ndani ya tangi, upande wa juu ambako mafuta hayakufika kulikuwa na madoa ya kutu, kwa sababu niliiacha nusu tangi. Hayakuwa mengi. Nimeongeza chujio dogo kwenye bomba, na nitaliangalia kila mwezi. Nilipofunga kila kitu niligeuza koki kwenye PRI, ile nafasi inayoteremsha mafuta bila kungojea mvuto wa injini, nikasubiri vikombe vijae, nikaangalia kama kuna mahali panavuja. Hapakuvuja. Koki nikairudisha kwenye ON.

Ndipo nikapiga stata, Jumamosi ya pili, choki imevutwa. Sekunde tano, kimya. Nikapumzisha betri. Sekunde tano tena, ikakohoa. Mara ya tatu ikashika upande mmoja, inamisi, inatetemeka, halafu silinda ya pili ikaamka na kuungana na mwenzake. Mvuke mweupe ukajaa gereji. Mzee alikuja na kikombe cha kahawa, akasimama mlangoni, akatikisa kichwa mara moja. Nilipima betri injini ikiwa imepandishwa kidogo: volti 14.1. Inachaji.

Niliiacha iwake kwa dakika kumi tu, mlango wazi, kwa ajili ya kupasha oili. Oili ya moto inatoka na uchafu wake. Ya baridi inauacha chini. Oili iliyotumika ina asidi na maji ndani yake, na kuiacha ilale miezi mitano juu ya beringi ni kosa langu lingine la Oktoba. Ilitoka nyeusi, na kwenye kifuniko kulikuwa na utando kidogo kama wa maziwa, dalili ya unyevu. Nikaweka filta mpya na lita 2.9 za 10W-40 yenye alama ya JASO MA. Alama hiyo ni muhimu: klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili za magari zilizotiwa viungo vya kupunguza msuguano zinaifanya iteleze. Oili chafu duka lililoniuzia mpya lazima liipokee bure, ndiyo sheria ya huku. Morogoro tulikuwa tunaipaka kwenye mbao za paa kuzuia mchwa.

Klachi yenyewe baada ya kulala huwa imegandana. Ukiwasha na kuingiza gia ya kwanza pikipiki inaruka mbele hata kama umebana mkono, na watu wameanguka hivyo ndani ya gereji zao. Kabla ya kuwasha, bana klachi, ingiza gia ya tatu au ya nne, isukume mbele na nyuma mpaka uhisi imeachia.

Cheni niliisafisha kwa mafuta ya taa na brashi laini, nikazungusha gurudumu kwa mkono, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni. Mjomba aliwahi kunishika mkono na kunigusisha kile kidole chake kifupi, nikiwa na miaka kumi, bila kusema kitu. Sijawahi kusafisha cheni injini ikiwa inawaka. Baada ya mafuta ya taa, kitambaa kikavu, kisha grisi ya kupuliza upande wa ndani, na kulegea kwake nikakuweka kama kitabu kinavyosema. Tairi la nyuma lilikuwa limeshuka upepo kutoka bar 2.5 hadi 1.9. Nilijaza, nikakagua nyufa ubavuni, nikasoma tarakimu nne baada ya herufi DOT: 2319, wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata zake bado ni nzuri, lakini mpira umeanza kuwa mgumu chini ya ukucha. Utakuwa msimu wake wa mwisho.

Jioni ilikuwa imeingia. Niliwasha tena, mara hii bila choki, na ikashika mara moja. Nikampigia mjomba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Baridi inasemaje huko?"

"Imepungua. Mjomba, nataka usikie kitu."

Nikaweka simu kwenye siti, karibu na injini. Nikasubiri. Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilichungulia kama simu imekatika.

"Ipandishe kidogo," akasema. "Achia. Tena. Achia." Kimya. "Ulizibua kwa mshipi?"

"Kwa mshipi."

"Kabureta iko sawa. Lakini kuna kitu kinagonga juu, upande mmoja. Kama kijiko kwenye kikombe."

Nilisikiliza. Mimi niliisikia injini tu, inanguruma vizuri, na nilikuwa na furaha. "Sisikii, Mjomba."

"Chukua bisibisi ndefu. Ncha kwenye kifuniko cha juu, mpini kwenye sikio. Anza kulia, hamia kushoto."

Kulia kulikuwa na mnong'ono mmoja tulivu. Nikahamisha ncha upande wa kushoto, na ndani ya mbao ya mpini, waziwazi, kijiko kwenye kikombe. Vali moja imelegea. Nafasi yake inatakiwa kuwa kati ya milimita 0.03 na 0.08, na hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Mimi na mzee tulikuwa tumesimama karibu na pikipiki ile ikiwaka, tukaipita. Yeye aliisikia kwa simu, kutoka Morogoro.

"Nimeisikia," nikasema.

"Zima. Iache ipoe usiku kucha. Kesho fungua, upime, uniambie namba."

Nikazima. Gereji ikawa kimya, chuma kikaanza kupoa na kutoa ile milio midogo, tik, tik.

"Kesho ni Jumapili, Mjomba. Nikupigie nyumbani saa ngapi?"

"Saa nne. Usipige nyumbani," akasema. "Nitakuwa gereji."